Jeni, Si Jini

Mwaka ule sukari ilikuwa imeanza kurudi madukani, na kijiwe cha Usagara kikapata tena kahawa na kashata. Alasiri hiyo Mjaka, seremala wa Kipemba, kahawa ilimpolea mkononi. Bintiye Tuhfa alikuwa amelala nyumbani, mweupe kama pamba, fizi zikivuja damu. Daktari alitaka apelekwe Dar kesho. Wakwe walitaka mganga wa Tongoni.

— Daktari kasemaje hasa? akauliza Redio, asiyepitwa na habari.

— Saratani ya damu, akajibu Mjaka. Kila chembe ina maagizo ndani yake: zaliana, kisha komaa, kisha koma. Ya Tuhfa yamevurugika. La kuzaliana halizimiki, la kukomaa haliwaki. Damu imejaa chembe changa zisizojua kazi. Maagizo hayo ndiyo jeni.

— Jini! Redio akajipiga paja. Hata daktari kakiri!

— Jeni, yakhe. Si jini.

— Madaktari hulitamka hivyo wasichekwe. Kikulacho ki nguoni mwako! Jini hilo limekuja na magauni ya maiti wa Ulaya anayouza huyu.

Mitumba, muuza nguo kuukuu, akafura.

— Magauni yangu yana jini? Na suruali yangu uliyovaa je?

Mjaka hakucheka.

— Daktari kasema chembe moja iliharibika, ikazaa nyingine mbovu kama yenyewe. Mtoto hakurithi, hakurogwa.

— Basi mpeleke Tongoni ujue! Redio akadakia. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Binti wa dada yangu alikuwa hivi hivi, mweupe, madoa mwili mzima. Ngoma usiku mmoja tu, jini likatoka, mtoto akaomba wali!

Moyo wa Mjaka ukaelemea huko. Jini angalau huulizwa linataka nini. Agizo lililokwama utalibembelezaje?

— Labda Tongoni, akasema taratibu.

Pembeni alikaa Laurenti, mkata mkonge wa Pongwe, aliyefika kijiweni siku hiyo kwa mara ya kwanza.

— Shikamooni wazee. Samahani, mimi mgeni. Huyo mtoto aliyeomba wali, sasa yuko darasa la ngapi?

Redio akainamia mashapo ya kahawa yake, na Mitumba, aliyekwenda naye mazikoni, akageuza uso.

Mjaka akaweka kikombe chini, akaondoka bila kuaga. Mkewe, Mwanakhamis, alikuwa mlangoni.

— Basi tunampeleka wapi?

— Dar. Basi la alfajiri.

— Atapona?

— Daktari hakuahidi. Funga mizigo, mama Tuhfa.