Dada Yetu Aliyewagawia Watu Mawe ya Angani

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, kifungua mimba wa fundi saa na mkunga. Mama alisimulia kuwa alichelewa kutembea, lakini maswali aliyaanza mapema mno, mpaka baba akawa anajificha nyuma ya gazeti.

Alisoma shule ya msingi mtaani kwetu, kisha sekondari ya bweni, halafu chuo kikuu, alikobobea katika elimu ya nyota. Watu walimwonya kuwa kazi hiyo haina ulaji. Aliwajibu, "Mimi nimeshiba, nataka kuona."

Mwaka 1977 aliajiriwa katika kituo cha kuchunguza anga. Alilinganisha picha mbili za kipande kimoja cha mbingu, zilizopigwa kwa nyakati zilizopishana: nyota hutulia palepale, na kinachohama ni jiwe linalozunguka jua, au nyotamkia. Mwaka wake wa kwanza alitangaza nyotamkia kwa mbwembwe zote. Kumbe ni kundi la nyota za mbali, lililojulikana zamani, linaloonekana kama ukungu. Wenzake wakambatiza Bi Ukungu, naye akaliandika jina hilo kwenye kikombe chake cha chai. Baadaye aligundua nyotamkia mbili za kweli, na mawe chungu nzima. Hapo wenzake wakawa wapole.

Mwaka 1980 aliolewa na seremala aliyeitwa kutengeneza meza za kituo. Shemeji yetu alimaliza wiki nzima kwenye meza moja, tena ilikuwa nzima.

Anayegundua jiwe hupewa haki ya kulipendekezea jina, na dada hakuwa mchoyo: alimpa mama jiwe lenye jina lake, akawapa walimu wake, hata mfagizi wa kituo. Mumewe tu ndiye aliyekataa. Hili dogo, lile liko mbali, lile limekaa upande. "Nitafutie jingine," alisema kila mara. Dada alifoka, "Mwanamume gani huyu anachagua mawe kama viazi?" kisha akachukua mkoba, akarudi kazini akicheka. Sisi tulidhani shemeji ana maringo. Siku moja binti yao mmoja alimbana, naye akasema, "Nikikubali, mama yako ataona kazi imekwisha."

Februari 2022 figo zilianza kumsumbua dada. Alikuwa amebakiza jiwe moja lisilo na jina, na kila alipomtolea mumewe, jibu lilikuwa lilelile. Mwezi Juni daktari alitueleza kuwa dawa zimegoma. Shemeji aliketi kando ya kitanda, akamshika mkono.

"Mama watoto, lile jiwe bado lipo?"

"Lipo."

"Basi nipe. Linanitosha."

Dada alimtazama, akaelewa. "Miaka yote umenihangaisha," akasema, "na hili ndilo dogo kuliko yote." Walicheka wote wawili huku machozi yakiwatoka, na jina likatumwa siku hiyohiyo kwa kamati inayoidhinisha majina ya mawe hayo. Alifariki tarehe 21 Agosti, mchana, mumewe akiwa pembeni yake.

Ameacha mume, mabinti wawili, mtoto wa kiume, wajukuu watano, na sisi wadogo zake, tuliopendwa mpaka tukadeka.

Jana taarifa ilifika kuwa jina limekubaliwa. Shemeji aliisoma akiwa mlangoni, akageuka kumwita mkewe aje aone.

Dada yetu, kazi umeimaliza, tena vizuri. Pumzika sasa kwa amani.