Kungwi Haendi Kwao

Gari la kutoka Kendwa lilikuwa nusu tupu, na mvua ilitusinziza sote isipokuwa wawili waliokaa mbele yangu. Msichana mwenye daftari alikuwa akimweleza bibi asiyemjua kwamba anaiandika upya riwaya ya zamani aliyosomeshwa skuli, safari hii kwa mdomo wa kungwi wa bi harusi. "Kitabuni ana sentensi moja tu, Bibi. Kungwi akafunga mlango, akaenda kwao. Kisha bi harusi analia mpaka asubuhi, hapana anayemsikia."

"Hiyo kaandika mwanamme," bibi alisema. Sikuona haja ya kuuliza kajuaje. "Kungwi haendi kwao, mwanangu. Anakaa chumba cha pili siku zote saba, mpaka fungate iishe. Mie nshakuwa kungwi mara kumi na moja."

Kalamu ya msichana ilisimama. "Basi alimsikia?"

Bibi alifuta ukungu kwenye kioo. Nje minazi ilipita polepole, kama inatembea usingizini. "Alimsikia."

"Mbona hakufungua mlango?"

Mimi nilijifanya nimelala, na nadhani utingo naye alijifanya hivyo hivyo.

Gari likasimama Mahonda. Bibi aliinuka, akajitanda kanga yake taratibu, na mlangoni akageuka.

"Bi harusi wangu wa kumi na moja akiitwa Mardhiya," alisema. "Baada yake sikukubali tena kuwa kungwi."

Akashuka mvuani.