Marumaru Zilizomtisha Mama

Asalaam alaikum, na wasiosalimiana hivyo, habari za mchana. Ndugu zangu wa kikundi, wote mnaijua nyumba yangu ya Ufukoni. Niliondoka Mtwara na begi moja, nikarudi na stashahada ya ujenzi, nikaijenga mwenyewe. Marumaru za sebuleni zinang'aa mpaka unajiona meno. Daktari aliposema mama ana ugonjwa wa kusahau, nikamtoa kijijini kwake, kando ya mto Ruvuma, nikamleta aishi kifahari.

Hapo ndipo nilipoanguka mtihani. Mama akagoma kwenda chooni. Nikimshika mkono anapiga mayowe, "Niache! Pana mamba!"

"Mama, hii ni sebule!"

Nilivyozidi kumsahihisha ndivyo alivyozidi kupigana. Akaniuma, kovu hili hapa. Akawa anajikojolea, kisha analia kwa aibu. Mama yangu, aliyenifundisha usafi!

Nikaenda zahanati kuomba dawa ya kumtuliza, ashinde amelala. Muuguzi akaniuliza, "Kelele anazianzia wapi?"

"Popote tu, dada."

"Popote si jibu, fundi. Nenda kamwangalie, usimguse."

Naambiwa hivyo mimi, na stashahada yangu! Lakini nikaenda, nikakaa, nikatazama. Uani anatembea vizuri. Jikoni, kwenye saruji, vizuri. Alipofika zinapoanzia marumaru akasimama, akapandisha kanga hadi magotini, akapapasa mbele kwa kidole cha mguu.

Ndugu zangu, nawaambia, nililia. Mama alikuwa anaona mto. Mng'ao ule niliojivunia ndio maji yenyewe, na mimi kila siku nilikuwa namsukuma kwenye mamba.

Nikatandika mikeka kutoka mlangoni kwake hadi chooni, nikaibana kingo isimkwaze. Akaitazama. Akakanyaga. Akavuka! Kule mwisho akageuka, akasema, "Sasa umejenga, mwanangu."

Chuoni sikuwahi kupata maksi kama zile.

Hajaniuma tena. Anakwenda mwenyewe, na akirudi namwambia pole na safari, anacheka. Namshukuru muuguzi yule. Nawashukuru kina mama mlioniazima mikeka, siirudishi, nisameheni. Na wewe mwenye mgonjwa kama wangu, akianza kupigana, usikimbilie dawa wala ubishi. Kaa karibu naye, utazame anachokitazama yeye.

Mkija kwangu, tafadhali msifunue mikeka. Marumaru zipo chini. Niaminini.