Kiinitete cha Pili cha Nasma

Mwaka 2009, kijiwe chetu kilikuwa nje ya duka la spea za pikipiki la Abdulmajidi, karibu na stendi ya Singida mjini. Tulikunywa kahawa hapo kila alasiri: mimi, Zefania tuliyemwita Jogoo kwa kuwa alipeleka kuku Dar, na Laurian mnunuzi wa alizeti, aliyeitwa Profesa bila kufika sekondari. Siku moja Abdulmajidi alikuja kukaa nasi, akatoa picha mbili mfukoni. Miaka tisa ya ndoa yeye na mkewe Nasma hawakujaliwa mtoto, wakaenda kutibiwa Nairobi, ambako mayai ya Nasma yalirutubishwa maabara.

— Hiki ni kiinitete chetu cha kwanza, akasema. Duara safi. Daktari alikisifia, akakipandikiza tumboni. Wiki ya tisa mimba ikatoka. Kupima, wakakuta kromosomu moja imezidi.

— Kromo nini? akauliza Jogoo.

— Vile vibebeo vya urithi. Havionekani kwa kutazama umbo. Sasa kimebaki hiki kimoja, wamekigandisha.

Tukainamia picha ya pili. Kilikuwa kimepinda, pembeni kina vipande kama makombo ya mkate.

— Mh! Huyu kapigwa na nani? nikaropoka.

— Daktari anasema sura hii inapunguza bahati, ila haiifuti. Tukitaka, twende tukajaribu. Naogopa, jamani. Nasma alilia mwezi mzima.

Jogoo akaweka kikombe chini.

— Nina tetea pale nyumbani, alitoka kwenye yai lililobonyea. Nililimulika kwa tochi, nikataka kulikaanga. Leo ana vifaranga kumi na vinne!

— Mwanadamu si kuku, akasema Profesa. Hicho kimejikunja kwa baridi. Kikija huku kwenye jua letu kitanyooka. Mwenda tezi na omo, marejeo ngamani.

— Ngamani ndiyo wapi? akauliza Jogoo.

— Nairobi.

— Profesa, acha hizo!

— Sikiliza. Kimekaa kwenye barafu mwaka na nusu. Maana yake mtoto atazaliwa ana mwaka na nusu tayari!

— Na meno?

— Na meno! Kliniki watamwandikia kadi ipi? Mwaka wa tano anaingia darasa la kwanza!

Hata Abdulmajidi alicheka, mara ya kwanza wiki ile. Hapo mama mmoja wa Ihanja, aliyekuwa akisubiri kufungiwa breki ya pikipiki ya mwanawe, akageuka.

— Samahanini baba zangu. Mwenye tumbo anasemaje?

Tukamgeukia mwenye duka.

— Hujamuuliza? nikamwambia Abdulmajidi.

— Nilitaka kwanza nipate jibu.

Akaondoka mbio kwenda nyumbani, duka wazi. Tulimlindia mpaka birika likakauka. Aliporudi alikuwa na tiketi mbili za basi la Nairobi mkononi, na macho mekundu.

— Nasma alizikata tangu juzi, alikuwa ananingoja niseme. Nikamwonyesha picha, nikamwambia, mke wangu, kimepinda hiki. Akasema: "Siku unakuja kuniposa nilikuwa na matubwitubwi, shavu limevimba kama boga. Wajomba zako wakakwambia urudi nyumbani. Ulirudi?"

— Ukamjibu nini? akauliza Jogoo.

— Nikaanza kupanga nguo.