Mama Eduviges, Aliyetaka Kilio Kisikike

Mama Eduviges Cantarero, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 17 Oktoba 1948 hapa Agua Zarca, milima ya Lempira, Honduras, mtoto pekee wa Mzee Cipriano na Mama Tomasa. Mama yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya. Baba yake wa ubatizo, tajiri wa mjini, alimtumia viatu kila Krismasi, na kila Krismasi vilimbana, maana hakuwahi kumwona akikua. Mzee Cipriano alipolewa akashika mkanda, binti alilia mpaka sauti ikakauka. Majirani walisikia, wakafunga madirisha. Ya nyumba ya mtu hayaingiliwi, walisema.

Alisoma hadi darasa la tatu, kisha akaingia mashamba ya kahawa, kazi aliyoifanya mpaka magoti yalipogoma.

Tarehe 8 Mei 1971 alifunga ndoa na Wenceslao Rápalo, mwashi mpole. Hawakujaliwa mtoto, na iliwauma sana. Ndipo alipoanza kuwasihi wazazi waache kukimbilia matajiri wa mjini siku ya ubatizo. "Fimbo ya mbali haiui nyoka," alisema. "Mchagueni atakayemsikia mtoto akilia." Kwetu mzazi wa ubatizo ni ndugu, hafukuzwi mlangoni.

Umbali aliupima mwenyewe. Alisimama mlangoni kwa aliyependekezwa kuwa mzazi wa ubatizo, mumewe akalia kama kichanga nyumbani kwa mtoto.

"Lia vizuri, Wenceslao, sikusikii."

"Mke wangu, watu wananitazama."

"Waache watazame. Mtoto naye haoni haya."

Siku moja Wenceslao alilia vizuri mno, hata watu wa ng'ambo ya mto wakaja na mishumaa wakidhani kuna msiba. Walipewa kahawa na tortila, chapati zetu za mahindi, wakarudi kwao wakicheka.

Wa kwanza kubatizwa hivyo, mwaka 1974, alikuwa Delmi, binti wa jirani, na mama wa ubatizo akawa Eduviges mwenyewe. Delmi alipofika miaka sita, baba yake naye alishika mkanda. Mama Eduviges aliingia na unga wa mahindi mikononi.

"Nani kakuita hapa, dada?"

"Mwanangu kaniita. Nimemsikia."

Akaketi, akaomba kahawa, hakuondoka mpaka mkanda uliporudi kiunoni. Kesho yake akaja tena, na siku zilizofuata, hadi yule baba akaona haya, akaacha. Leo padri wetu habatizi mtoto kabla ya kuuliza nyumba ya mzazi wa ubatizo iko wapi.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2021, na sauti yake ikafifia. Asubuhi ya tarehe 3 Machi 2024 aliita mara moja tu, kwa sauti ndogo. Delmi, aliyekuwa akikanda unga nyumba ya pili, alifika bila kunawa.

"Kumbe umesikia," alisema Mama Eduviges, akatabasamu. Alifariki akiwa ameshikwa mkono.

Ameacha mgane, Mzee Wenceslao. Watoto wa ubatizo waliojaa uwanja huu. Na Delmi, anayewasomea haya.

Pumzika salama, mama yetu. Mtoto akilia, tupo, tunasikia.