Kumuaga Bi Mbio, Aliyesoma Mita Zetu Bila Kukaa

Tarehe 30 Juni, saa za kazi zitakapokwisha, Bi Mbio atakabidhi funguo zake na kustaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi katika idara yetu ya maji. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake kwa sababu mimi ndiye karani wa ankara, na namba alizosoma kwenye mita za wateja zilipitia mezani kwangu kwa sehemu kubwa ya muda huo. Nilidhani ni kazi ya nusu saa, maana nilidhani namjua. Mtaniwia radhi kama wasifu huu utasikika kama umeandikwa na mtu ambaye mpaka leo hajafunga mdomo kwa mshangao.

Alianza kama mfagizi wa ghala la mabomba. Mwaka wake wa tatu, msoma mita mmoja aliacha kazi ghafla na baiskeli yake ikabaki imeegemea ukuta. Bi Mbio aliiomba. Wakubwa wa wakati ule walisitasita, kwa kuwa hawajapata kuona mwanamke akisoma mita, wakaingia ndani kujadiliana. Walipotoka na jibu, yeye alikuwa ameshazunguka ghala mara kadhaa na anauliza njia yake ni ipi. Akapewa mitaa ya mlimani, ile ambayo wenzake walikuwa wanaikwepa.

Kwa wageni wasioijua kazi hii: msoma mita hupita nyumba kwa nyumba, hufunua mfuniko wa zege, huinama, husoma namba, huiandika, hufunika, hupanda baiskeli na kwenda nyumba inayofuata. Bi Mbio aliyafanya hayo kwa kasi ya ajabu. Fundi cherehani mmoja wa njia yake alituambia kwamba husikia kengele ya baiskeli, na kabla hajaweka mkasi chini, mita imeshasomwa na mgeni ameshaondoka. Mbwa wa mtaa wa juu, aliyewararulia suruali wasoma mita wengine, kwa Bi Mbio alikuwa ananyanyua kichwa tu na kulala tena. Alishakata tamaa.

Si mbio tu. Ni yeye aliyegundua bomba lililopasuka chini ya duka la viatu, baada ya kuona mita ya nyumba ya jirani inazunguka ilhali nyumba yenyewe haina mtu tangu mwezi uliopita. Ukuta wa duka ulikuwa umeshaanza kuinama. Mwenye duka alimpa viatu vyeusi vya ngozi, na ndivyo mtakavyomwona navyo leo.

Lakini alichojulikana nacho zaidi ni kuendesha akiwa amesimama. Kusimama juu ya pedali wakati wa kupanda mlima ni jambo la kawaida. Yeye alisimama mlimani, akasimama kwenye tambarare, akasimama hata kwenye mteremko. Chai alikunywa amesimama dirishani. Mikutanoni alisimama nyuma, karibu na mlango, na Mkuu wa Kitengo alikuwa akituambia sisi tulioegemea viti tujifunze kwake. Tukampa jina la Bi Mbio. Tukampa na cheti cha Juhudi za Mfano, chenye fremu, tukakitundika juu ya kabati la mafaili na kupiga makofi mpaka mikono ikauma. Naye alicheka, akashukuru, akaondoka upesi.

Miaka miwili iliyopita, asubuhi ya Jumatatu, binti yake aliingia ofisini. Ni dada mpole, mwenye kusalimia kila mtu mpaka mlinzi wa getini. Siku hiyo hakusalimia hata mmoja. Alikwenda moja kwa moja hadi chini ya kile cheti, akakitazama, kisha akatugeukia.

"Mama yangu analala kifudifudi," alisema. "Tangu nina akili zangu namwona analala kifudifudi. Jana daktari kamwambia aache baiskeli, la sivyo atashindwa kukaa hata kwenye kiti cha kawaida. Halafu nyie mnamtundikia cheti!"

Nilikuwa na kalamu mkononi na sikumbuki niliiweka wapi. Binti alieleza yote: vidonda visivyopona, ganzi, mgongo usionyooka. Kiti cha baiskeli kilikuwa kinamuumiza mama yake tangu mwaka wa kwanza wa kusoma mita. Hakuwa anasimama kwa juhudi. Alisimama kwa sababu hakuweza kukaa. Tulimpigia makofi mwenzetu kwa maumivu yake, na hilo likiniingia akilini mpaka leo najisikia vibaya.

Papo hapo Bi Mbio mwenyewe aliingia mbio, amepandwa na hasira.

"Wewe mtoto, mambo ya mwili wa mama yako unakuja kuyatangaza ofisini kwa watu?"

Kisha akatugeukia sisi, na sauti ikashuka. Alikuwa amebakiza miaka miwili. Akiondolewa kwenye baiskeli, atapelekwa dirisha la malipo, akae kitini kutwa, jambo ambalo mwili wake hauwezi, au aachishwe kazi kwa ugonjwa. Hakutaka hata moja kati ya hayo. Alitaka amalize kwenye njia yake. "Naombeni msiniondoe," alisema. Nilikuwa sijawahi kumsikia akiomba kitu tangu ile baiskeli ya kwanza.

Mkuu wa Kitengo alimuuliza mbona hakusema siku zote hizo.

"Ningesema naumia wapi, bosi?" alijibu. "Wewe umekaa hapo na tai yako, mimi nikuonyeshe kwa kidole? Halafu nilidhani baiskeli ndivyo zilivyo. Nikasema kila mtu anavumilia."

Na kweli kila mtu alikuwa anavumilia! Msoma mita wa njia ya stesheni aliinuka polepole, akafungua mkoba wake na kutoa taulo lililokunjwa, lenye umbo la kiti. Mwingine akakiri kwamba huvaa suruali mbili, hata kwenye joto. Wa tatu alikuwa ameshonea kipande cha godoro ndani ya kaptula, na sisi tulikuwa tunamtania kwamba ndoa imemkubali, kanenepa. Mkuu wa Kitengo, ambaye ujanani alisoma mita, alivua miwani, akaifuta, akasema kwa sauti ndogo kwamba aliomba cheo cha ofisini kwa sababu ya kile kiti, na kwamba habari za uongozi zilikuja baadaye. Sikuamini masikio yangu. Kitengo kizima kilikuwa kinaugulia chinichini, kila mmoja na tambara lake.

Sasa niwaeleze kuhusu mstari mwekundu. Kila baiskeli yetu ina mstari wa rangi nyekundu kwenye bomba linaloshika kiti, na kila mgeni kazini huambiwa siku ya kwanza kwamba kiti hukaa kwenye mstari, hakipandi wala hakishuki. Warefu waliendesha magoti yakikaribia kidevu. Wafupi walitafuta pedali kwa ncha za vidole. Bi Mbio ni mrefu kuliko sisi sote. Basi tukamwita Fundi Spoki, mzee wa karakana yetu, tukamwomba kwa heshima zote atupe ruhusa ya kuuvuka mstari kwa ajili ya mgonjwa.

Fundi alitutazama mmoja mmoja.

"Mstari upi? Ile rangi? Ile niliipaka mimi nikiwa kijana, niwe najua baiskeli ipi nimeshaitia grisi na ipi bado. Basi. Kumbe nyie mnaifuata?"

"Sasa mbona hukutuambia, fundi?"

"Nilidhani ndivyo mnavyopenda kukaa."

Jamani. Na kibaya zaidi, baiskeli mpya zilipokuwa zikiletwa, mstari ule tuliupaka sisi wenyewe, kwa rula, tukahakikisha hausogei hata kidogo. Mkuu wa Kitengo alitoka nje kupunga upepo.

Siku hiyohiyo Fundi Spoki alikipandisha kiti cha Bi Mbio mpaka kisigino chake kikafika kwenye pedali ya chini mguu ukiwa umenyooka, ili akikanyaga kwa sehemu ya mbele ya mguu, goti libaki limekunjika kidogo. Magoti yalishukuru. Kiti chenyewe kiliendelea kumkata, na daktari, tulipomwomba, alitoa mwezi mmoja tu wa kujaribu. Hapo ndipo tulipoanza kutafuta kiti, na hapo ndipo nilipogundua kwamba sisi watu wazima hatujui lolote kuhusu kukaa.

Tulianza kwa kile tulichodhani ni akili. Tulikwenda dukani watu watano, tukabonyeza viti kwa kidole gumba kama wanunuzi wa mikate, tukachagua kilicho laini na kipana kuliko vyote. Kilikuwa sofa, siyo kiti. Bi Mbio alizama ndani yake, mapaja yakasuguana nacho kila akikanyaga, na jioni alirudi na hali mbaya kuliko alivyoondoka. Tukageukia chembamba cha mashindano, eti kisisugue. Hicho alikishuka kabla ya kufika getini, akanitazama mimi niliyekipendekeza, na sitaandika alichosema. Cha tatu kilikuwa na mfereji katikati, wazo zuri, ila pua ya kiti, yaani ncha yake ya mbele, ilielekea juu na hakuna kati yetu aliyejua kwamba pua hushushwa.

Mwezi ulikuwa unaisha. Siku moja mchana, Bi Mbio alirudi amechoka hadi akasahau kwamba yeye hakai. Uani, Fundi Spoki alikuwa ametoka kumwaga zege la mifuniko ya mita, na mfuniko mmoja ulikuwa juu ya matofali, kimo cha kigoda. Bi Mbio akaukalia.

Fundi alipiga kelele zilizotutoa ofisini wote. Mfuniko umeharibika, saruji imepotea, sketi ya watu imeharibika! Halafu akainama kuutazama. Kwenye zege mbichi kulikuwa na mashimo mawili ya mviringo, mahali mifupa miwili ya kukalia ilipobonyeza. Fundi akachukua futi kamba, akapima kutoka katikati ya shimo moja hadi katikati ya jingine, kisha akaenda kupima kile kiti chake cha zamani cha baiskeli. Kiti kilikuwa chembamba kuliko umbali kati ya mashimo yenyewe. Miaka yote ile mifupa yake ilikuwa inaning'inia nje, na uzito wote unabebwa na nyama ya katikati, isiyoumbwa kubeba chochote. Tulibaki tunatazama lile zege kama tumeonyeshwa picha ya ajali.

Nitasema ukweli wote. Kabla ya saa ya kutoka, kitengo kizima kilikuwa kimekalia zege. Mkuu wa Kitengo aliukalia mfuniko wake kwa suruali ya mikutano, akapimwa, na tangu siku hiyo hatumwogopi tena vilevile. Kila mtu alitoka na kipimo chake, na hakuna viwili vilivyolingana sana.

Kiti cha Bi Mbio tulikipata kwa muuza vipuri vikuukuu, chini ya rundo la minyororo: cha ngozi ya kahawia, kipana kidogo kuliko kipimo chake, na kigumu. Nilikibonyeza kwa kidole gumba nikashtuka, nikasema hiki ni cha kumwadhibu mtu. Muuzaji akasema mifupa inataka mahali pa kusimama, haitaki mahali pa kuzama. Fundi Spoki alikifunga, akaweka pima maji juu yake hadi kikalala sawasawa, akakisogeza nyuma kidogo.

Bi Mbio alipanda mbele yetu sote. Akakaa. Alizunguka uani mara moja, uso hauna dalili yoyote, kisha akatoka getini. Tukasubiri. Saa ya chai ikapita. Saa ya chakula ikapita. Mtu ambaye hakuwahi kuchelewa alikuwa hajulikani alipo, na binti yake tulikuwa tumeshampigia simu. Alirudi jua likiwa limeinama, mwendo wa taratibu kabisa, amekaa, amenyoosha mgongo, machozi yakimtoka na hata hajishughulishi kuyafuta. Mita zote za mlimani alikuwa amezisoma.

"Msinione nimechelewa," alisema. "Zamani nilikuwa nakimbilia kushuka baiskelini."

Fundi Spoki alijifanya anatafuta spana.

Daktari alimwona tena baada ya wiki kadhaa, vidonda vikiwa vimeanza kufunga, akampa ruhusa ya kuendelea. Bi Mbio amemaliza miaka yake miwili kwenye njia yake, kama alivyoomba. Amekuwa msoma mita anayechelewa kuliko wote. Wateja wanasema sasa anawajulia hali, na yule mbwa wa mtaa wa juu amefufua matumaini. Cheti tulikishusha wenyewe, na hatujaweka kingine.

Mwisho, ndugu wageni, naomba mchukue kalamu. Ratiba mliyo nayo inasema kwamba baada ya hotuba mstaafu atapanda gari la idara lililopambwa na kusindikizwa nyumbani. Futeni hapo. Juzi tulipomweleza habari za gari, alitutazama kana kwamba tumerukwa na akili.

"Ndiyo kwanza nimepata pa kukaa," alisema, "halafu mnataka kuniteremsha?"

Kwa hiyo gari litabeba zawadi, na dereva ameonywa asipige honi hata akilazimika kutambaa. Mbele yake atakuwa Bi Mbio, juu ya baiskeli ambayo idara imekubali iwe yake. Ahsante, dada yetu, kwa kila mfuniko uliofunua na kila mlima uliopanda huku unaumia na sisi tunashangilia. Tunakutakia njia ndefu, na uipite yote ukiwa umekaa.