Aliyerudisha Tuzo ya Watu Wawili

Wazee wetu, ndugu, majirani wa mtaa huu wa nyuma ya soko, na ninyi mliotoka chuoni na kiwandani mkaja kukaa nasi juani, familia imemwomba shangazi wa marehemu awasomee maisha yake, kwa kuwa baba yake leo hana sauti na mume wake ameomba aachwe akae na watoto, na shangazi amekubali kwa sharti moja tu, kwamba asome yote, matamu na machungu, maana marehemu hakuwa mtu wa kupakwa rangi.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumapili, tarehe 4 Machi 1984, katika wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto watatu wa baba fundi bomba na mama mpishi wa shule, na nyumbani alibandikwa jina la Kidodosi kabla hajafikia hata umri wa kuanza shule, kwa sababu alikuwa akikuuliza jambo, ukimjibu anakuuliza umejuaje, ukimwambia umechoka anakuuliza umechoshwa na nini, mpaka mama yake, Mungu amrehemu, akawa anamleta kwa shangazi mwisho wa wiki ili masikio ya nyumba, kama alivyosema, yapate kupumzika.

Alianza shule ya msingi mwaka 1991 katika shule iliyo nyuma ya posta, akaingia sekondari ya bweni ya wasichana mwaka 1998, ambako aliwahi kuadhibiwa kufyeka majani kwa kuitia kwenye maji ya moto rula ya mwalimu wa zamu ili aone italainika kwa kiasi gani, na akiwa na panga mkononi alimweleza mwalimu huyo, kwa adabu zote, kwamba rula ililainika vizuri lakini haikurudi kunyooka, kisha mwaka 2004 akajiunga na chuo kikuu, akahitimu shahada ya kemia mwezi Julai 2007.

Oktoba mwaka huohuo aliajiriwa katika kiwanda cha ndoo, mabeseni na madumu, upande wa ukaguzi wa ubora, ambako kazi yake kubwa ilikuwa kujaza ndoo maji, kuipandisha juu ya jukwaa la chuma na kuiachia ianguke sakafuni, ikipasuka anaandika, isipopasuka anaipandisha tena, na wenzake wa zamu, ambao naona wamekuja kwa wingi, watakumbuka alivyokuwa akirudi nyumbani ameloa kama aliyenyeshewa, na huko ndiko alikoanza kuzipenda polima, yaani vitu vile vilivyoungana ndani kwa ndani kama mnyororo mrefu usioonekana kwa macho, vinavyotupa ndoo ya bafuni, soli ya kiatu na uzi wa daktari.

Kiwandani huko ndiko alikokutana na mume wake, fundi friji aliyeitwa kutengeneza mtambo wa kupozea maji, mtambo ambao kwa maelezo ya fundi mwenyewe uliharibika tena mara kadhaa bila sababu yoyote ya kitaalamu, wakafunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Desemba 2010, na wakajaliwa mabinti wawili, mkubwa aliyezaliwa tarehe 7 Agosti 2012 na mdogo aliyezaliwa tarehe 22 Mei 2015.

Mwaka 2011 alirudi chuoni kusoma shahada ya pili, na mwaka 2013 akaanza ya uzamivu chini ya profesa ambaye wanafunzi wote walimwita Mzee Mizani, kwa tabia yake ya kupima kila kitu mara mbili, hata sukari ya chai yake, na mzee huyo yupo hapa, amekaa safu ya pili, na jana jioni tulimwuliza kama habari inayofuata isomwe mbele ya watu au iachwe, akatujibu isomwe kama ilivyokuwa.

Utafiti wake ulihusu uzi wa kushonea vidonda, ule unaoyeyuka wenyewe mwilini baada ya nyama kushikana, na watu walipenda kumwuliza kama kuna ndugu yake aliyewahi kufumuka mshono, wakitaka hadithi ya kuliza, naye aliwajibu kwamba hakuna, alipewa mada hiyo kwa sababu mwanafunzi aliyekuwa nayo alihama, lakini alipoishika aliishika kwelikweli, akakaa miaka mitatu katika maabara ya ghorofa ya chini yenye dirisha linalotazama tangi la maji, akipika malighafi, akivuta uzi, akiukausha, akiupeleka kwenye mashine ya kuvuta hadi ukatike, na Mzee Mizani pembeni yake akisoma vipimo kwa sauti, na mume wake anakumbuka kwamba kwa muda mrefu habari za chakula cha jioni nyumbani kwao zilikuwa ni uzi umeshika au uzi haukushika.

Uzi ulishika, ukashika vizuri kuliko walivyotarajia, na mwezi Julai 2016 chama cha watafiti wa polima kikatangaza kwamba tuzo yake ya mwaka, ile ambayo hupewa mwanafunzi wa uzamili au uzamivu pamoja na mlezi wake wa kitaaluma, kwenye kibao kimoja chenye majina mawili, ni yao, na hospitali moja ikakubali kuanza kuujaribu uzi huo kwa wagonjwa ifikapo Januari.

Ni lazima ieleweke tuzo hiyo ilikuwa nini kwa yule mzee, kwa sababu bila hilo mtadhani yaliyofuata ni ubishi wa wasomi tu, mtu huyu alikuwa amelea wanafunzi tangu wengi wetu hapa tukiwa watoto, wanafunzi hao wamekuwa wakuu wa vyuo na wakurugenzi wa viwanda, na hakuna siku hata moja jina lake lilipata kusomwa ukumbini, alibakiza miaka mitatu astaafu, na habari ilipomfikia alimpigia simu dada yake aliye mbali, akanunua suti, na kwa mara ya kwanza, wanasema wenzake, alionekana akitia sukari bila kupima.

Mwanzoni mwa Novemba marehemu alikwenda hospitalini kuchukua pakiti za uzi alizokuwa ameziacha kwenye kabati la chumba cha upasuaji, kwa kuwa kila kipimo hadi wakati huo kilikuwa kimefanywa kwa uzi uliotunzwa maabara, penye kiyoyozi, naye alitaka kujua utakuwaje ukikaa mahali pa kawaida penye joto na unyevunyevu, pakiti zilikuwa nzima, hazina doa wala tundu, akazipeleka kwenye mashine, na uzi ukakatika kama tambi zilizoiva, akachukua mwingine ukakatika, akarudia kesho yake na keshokutwa, hakumwambia mtu, hakula vizuri, na usiku mume wake alimsikia akijigeuza kitandani mpaka akamwuliza kama ni mgonjwa, akasema si yeye.

Alipomaliza kurudia akamfuata mlezi wake ofisini, akafunga mlango, akamwekea matokeo mezani, na mzee akayasoma, akayasoma tena, akavua miwani, akamwambia, na maneno haya tumeyapata kwao wote wawili na hayatofautiani:

"Mwanangu, sherehe ni wiki tatu tu. Acha ipite, kisha tutasema. Ukweli hautaoza ndani ya wiki tatu."

Naye akamjibu, akiwa amesimama, kwa sababu tangu aingie hakuwa ameambiwa kaa:

"Uzi ndio unaooza, Mwalimu. Na Januari wanaanza kushona watu."

Mzee akamwambia kwamba Januari ni mbali na kwamba wagonjwa watazuiwa kwa wakati wake, akamkumbusha kwamba kwenye kibao kile jina si la mtu mmoja, na marehemu aliwahi kumwambia shangazi yake kwamba neno hilo ndilo lililomkata maini, kwa kuwa lilikuwa la kweli, angeweza kuitupa furaha yake mwenyewe bila kuomba ruhusa ya mtu, lakini hii aliyokuwa anaitupa nusu yake ilikuwa ya mzee, akatoka pale akalia chooni, akanawa uso, na mchana huohuo akampigia simu mwenyekiti wa chama, kisha daktari mkuu wa upasuaji wa ile hospitali.

Majaribio yakasitishwa, tuzo ikaondolewa, mwaka ule haikutolewa kwa mtu yeyote, na tarehe 25 Novemba 2016, siku ambayo wawili hao walitakiwa kupanda jukwaani, Mzee Mizani aliandika kwa mkuu wa idara kwamba hawezi tena kumsimamia mwanafunzi huyu, na kuanzia hapo alikuwa akipishana naye kwenye korido kama mtu anayepishana na nguzo, marehemu akimwamkia shikamoo kila siku na mzee akipita.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kiza, familia hii haina haja ya kuificha, hakuwa na msimamizi, akanyang'anywa ufunguo wa maabara, wapo waliosema amemchimbia mzee wa watu kaburi, wapo waliosema anajifanya malaika, wapo waliomhesabu mjinga tu, akarudi kiwandani kudondosha ndoo kwa zamu za jioni huku mume wake akibeba nyumba, na alipokuja kwa shangazi hakuuliza swali lolote, alikaa jikoni akichambua mchele uliokwisha kuchambuliwa, na shangazi alipomwambia angalau hakuna mtu aliyedhurika alijibu kwamba ndiyo shida yenyewe, hakuna aliyedhurika, kwa hiyo hakuna atakayejua.

Mwaka 2018 mhadhiri mmoja kijana, mwanamke ambaye leo ameshika mkono wa binti mdogo pale mbele, alikubali kumsimamia wakati wakubwa wake wanakwepa, wakaacha kutafuta uzi mzuri wakaanza kutafuta kwa nini ule ulikatika, kazi isiyopigiwa makofi na mtu, na tarehe 11 Septemba 2020 marehemu akatetea tasnifu yake katika chumba chenye watu wachache na barakoa, akafaulu, na mwaka uliofuata akaajiriwa kufundisha katika idara hiyohiyo.

Mwezi Agosti 2022 alianza kuumwa tumbo, vipimo vikaonyesha saratani ya ovari ambayo tayari ilikuwa imesambaa, akapasuliwa mwezi Oktoba, na daktari aliyempasua, tunayemshukuru, alitusimulia kwamba jambo la kwanza aliloulizwa na mgonjwa alipozinduka halikuwa uvimbe umetoka au haukutoka, lilikuwa ameshonwa kwa uzi gani na ulitunzwa wapi, akapata nafuu kidogo, akafundisha muhula mmoja akiwa amekaa kwenye kiti, akashuka tena mwezi Machi mwaka huu, na kuanzia Aprili hakutoka wodini.

Huko wodini, siku moja mchana, Mzee Mizani akaingia, amestaafu, ameshika kofia mkononi, na marehemu akamwamkia shikamoo kama kawaida yake, naye akaitikia marahaba, akavuta kiti, na hakuna aliyeomba radhi wala aliyedai kuombwa, mume wake alikuwepo na ndivyo anavyosema, mzee aliuliza kama chakula cha hospitali kinalika, akaambiwa hakiliki, kisha marehemu akamweleza kuhusu uzi mpya ambao yeye na yule mhadhiri walikuwa wameutengeneza na ambao sasa ulikuwa kabatini hospitalini ukisubiri kuvutwa, akasema yeye hatafika maabara tena, na tangu siku hiyo mzee yule akawa anapanda basi kwenda chuoni kwa ruhusa ya mhadhiri kijana, akakaa tena mbele ya mashine aliyoiacha, akivuta uzi na kusoma vipimo.

Jumanne tarehe 6 Juni alikuja na matokeo, na kabla hajaingia mume wa marehemu alimzuia mlangoni, akamweleza kwamba madaktari wamesema ni suala la siku, akamwomba, kama habari si nzuri, aseme tu kwamba ni nzuri, kwani kutamdhuru nani sasa, na mzee akamshika bega mume huyo, akaingia, akakaa, na Kidodosi akafumbua macho akamtazama.

"Umekatika, mwanangu," mzee akasema.

"Kabla ya wakati?"

"Kabla ya wakati. Si kama ule wa kwanza, huu umejitahidi. Lakini umekatika."

Akafumba macho, machozi yakamtoka pembeni, na mume wake akamgeukia mzee kwa hasira, lakini marehemu akatafuta mkono wa mzee juu ya shuka hadi akaupata, akasema kwa sauti ambayo ilibidi wainame kuisikia, "Ahsante kwa kutonificha," kisha akauliza kama pakiti zilikuwa rafu ya juu au ya chini, mzee akajibu ya chini, naye akasema wajaribu kuzikausha muda mrefu zaidi kabla ya kuzifunga, na hayo ndiyo mazungumzo yake ya mwisho kuhusu kazi, na karibu ya mwisho kuhusu jambo lolote, akafariki Ijumaa tarehe 9 Juni 2023, asubuhi, mume wake akiwa kando ya kitanda chake na mabinti wakiwa njiani kuletwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake waliomgeuza na kumwosha kwa upole hadi mwisho, majirani mliochukua watoto, mliopika na mliokesha nasi, wafanyakazi wa kiwandani mliosimamisha zamu nzima kuja hapa, idara na wanafunzi wake, mhadhiri wake, na mlezi wake, ambaye ameomba jambo moja tu, kwamba katika historia hii aitwe hivyo, na familia imeridhia.

Ameacha baba, mume, mabinti wawili, mdogo wake wa kiume, mdogo wake wa kike, na kazi ambayo haijakamilika, uzi bado unakatika, na Jumatatu maabara itafunguliwa wajaribu tena bila yeye.

Umechoka kihalali, mwanangu, lala sasa, na Mungu akupe utulivu.